Sumu Iliyomo Kwenye Taka za Plastiki: Mwongozo Kamili wa Kuzitenga, Kuzihifadhi na Kuziondoa

Chukua chupa tupu ya maji na kipande cha waya wa umeme. Vyote viwili tunaviita plastiki, na katika nyumba nyingi huishia kwenye ndoo moja ya taka, kisha kwenye moto mmoja. Ila havifanani hata kidogo. Chupa ikiungua hutoa masizi, monoksidi ya kaboni na benzini, na hayo si mambo madogo. Ganda la waya likiungua hutoa gesi inayogeuka tindikali mara inapogusa unyevu wa macho na koo, na moshi wake unapoanza kupoa, dioksini huzaliwa, jamii ya sumu kali zenye klorini zinazokaa mwilini kwa miaka. Kwa hiyo anayeuliza "plastiki nizitupeje?" hawezi kupewa jibu moja. Kwanza ajue ameshika nini.

Sumu inakaa wapi

Plastiki ni molekuli ndefu zilizoungana kama mnyororo. Mnyororo wenyewe kwa kawaida hauna madhara makubwa, kwa kuwa ni mrefu mno kupenya ngozi au kuyeyuka majini. Shida ni vile vilivyochanganywa humo kiwandani: vilainishi vinavyofanya bomba lipindike, vidhibiti vinavyozuia lisipasuke juani, vizuia moto, rangi, na mabaki ya malighafi ambayo hayakuwahi kuungana. Ripoti ya mradi wa utafiti wa PlastChem iliyotoka mwaka 2024 ilihesabu kemikali zaidi ya 16,000 zinazotumika au kupatikana katika plastiki, na zaidi ya 4,200 kati yake zina sifa za kutilia shaka kwa afya au mazingira.

Nyingi ya kemikali hizo hazikufungwa kwenye mnyororo. Zimekaa katikati yake tu, kama mafuta yaliyolowa kwenye karatasi, na hutoka zikipata sababu. Sababu ni joto, mafuta, jua na uchakavu. Ndoo iliyoachwa juani mpaka ikawa inameguka kwa vidole imeshapoteza sehemu ya vidhibiti vyake, na sasa inatoa chembe. Chembe zikiwa chini ya milimita 5 ndizo zinazoitwa mikroplastiki. Kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau: kile chombo kilichobeba. Dumu la dawa ya kuulia wadudu ni hatari kwa sababu ya dawa iliyolowa kwenye kuta zake, hata kama plastiki yenyewe ni ya aina nzuri.

Hatua ya kwanza: acha kuchoma

Naanza na hili kwa sababu ukilifanya hili peke yake na kuacha mengine yote, utakuwa umeondoa sehemu kubwa ya hatari.

Watu huchoma wakiamini moto unaangamiza. Moto wa uani hauna nguvu hiyo. Matanuri maalumu ya taka hutakiwa kufikisha gesi nyuzi joto 850 za Selsiasi kwa angalau sekunde 2, na nyuzi 1,100 pale taka zenye klorini nyingi zinapohusika, halafu moshi hupozwa haraka na kuchujwa. Rundo la taka linalofuka pembeni mwa nyumba huwaka bila mpangilio: katikati kuna joto, pembeni kuna baridi, hewa haitoshi. Dioksini huundwa zaidi moshi unapopita kati ya nyuzi 200 na 450 hivi, yaani katika hali ileile ambayo moto wa uani hukaa kwa muda mrefu.

PVC, plastiki ya mabomba na maganda ya nyaya, ina klorini inayokaribia 57 kwa mia ya uzito wake kabla ya kuongezwa vitu vingine. Ndiyo maana kuchoma nyaya ili kupata shaba ni kazi mbaya kuliko inavyoonekana. Klorini iko tele, na shaba yenyewe hufanya kazi ya kichocheo, ikiharakisha kuundwa kwa dioksini. Ukitaka kutengeneza sumu hiyo kwa makusudi, usingepata njia rahisi zaidi. Anayetafuta shaba achune ganda kwa kisu au koleo la kuchunia nyaya. Ni kazi ya polepole, lakini hata shaba inayopatikana huwa safi na haijaungua.

Dioksini yenye sumu kali kuliko zote, TCDD, iliwekwa mwaka 1997 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ikishaingia mwilini hukaa kwenye mafuta, na huchukua kati ya miaka 7 na 11 kupungua kwa nusu. Tena wengi hawaipati kwa kuvuta moshi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayowafikia watu hupitia chakula, hasa nyama, maziwa, samaki na viumbe vingine vya majini. Masizi hutua kwenye majani, mnyama hula majani, mtu hula mnyama. Kuku wanaochakura penye majivu hufupisha safari hiyo, kwa kuwa wanameza udongo wenyewe na kuupitisha kwenye mayai.

Plastiki nyingine zina balaa zao. Sponji za magodoro na viti, ambazo ni poliurethani, pamoja na nailoni halisi (ya kamba na nguo, si mifuko laini tunayoiita nailoni), hutoa sianidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu kali, zikiungua. Povu jeupe la kufungashia hutoa stirini, ambayo tangu mwaka 2018 imo katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Na kila moto unaokosa hewa hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu.

Kuna na lile la kipande kidogo cha mfuko cha kuwashia jiko. Ni kidogo kweli, lakini kinaungua ndani, chini ya chakula, mbele ya uso wa mtu aliyeinama, kila siku. Tumia majani makavu, vijiti au karatasi isiyo na rangi. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu hapa: huzuia masizi makubwa, gesi hupita.

Hatua ya pili: soma namba iliyo chini ya chombo

Vyombo vingi vina pembetatu ya mishale yenye namba 1 hadi 7. Mfumo huu ulianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha watengenezaji wa plastiki ili wanaopanga taka wajue aina. Pembetatu hiyo haimaanishi kwamba chombo kitachakatwa upya, wala haimaanishi kwamba ni salama kwa chakula. Inataja aina tu.

Namba 1 ni PET, ya chupa za maji na vinywaji. Namba 2 ni HDPE, ya madumu, chupa za sabuni na vizibo vingi. Namba 4 ni LDPE, ya mifuko laini na nailoni za kufungia. Namba 5 ni PP, ya ndoo, vyombo vya chakula na magunia ya kusuka. Hizi nne ndizo zenye usumbufu mdogo, na ndizo zenye wanunuzi. Hata hivyo PET hutengenezwa kwa msaada wa antimoni, metali yenye sumu, na joto huongeza kiasi kinachohamia kwenye maji, kwa hiyo chupa hiyo si ya kutia maji ya moto wala ya kuachwa juani na maji ya kunywa.

Namba 3 ni PVC. Mbali na mabomba na nyaya, imo kwenye ngozi bandia, mazulia ya plastiki, mapazia ya bafuni, baadhi ya viatu na midoli laini. Ikiwa laini, ina vilainishi vya jamii ya ftaleti, ambavyo baadhi yake huvuruga homoni. Ikiwa ngumu na ya zamani, huenda ilidhibitiwa kwa madini ya risasi au kadimi. Itoe kwenye kundi kabla ya kitu kingine chochote.

Namba 6 ni polistirini: vikombe vya povu, masanduku ya kufungashia, vijiko vya kutupa.

Namba 7 ni kapu la wasio na kabila. Humo mna polikaboneti, yaani yale madumu makubwa magumu ya maji na baadhi ya vifaa vya zamani vya watoto, ambayo huundwa kwa bisfenoli A, kemikali inayohofiwa kuvuruga homoni. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali hiyo kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na mwaka 2023 mamlaka yake ya usalama wa chakula ilishusha kiwango kinachovumilika kwa siku kutoka mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili hadi nanogramu 0.2, yaani mara 20,000 chini. Lakini namba hiyohiyo 7 inabeba pia plastiki itokanayo na mimea, kwa hiyo peke yake haikuambii mengi.

Na kama hakuna namba? Usichome ili unuse harufu. Ushauri huo upo, na mafundi wengine huufuata, lakini unakutaka uvute kwa pua kile unachokikimbia. Tumia maji. Kata kipande kidogo, kisugue kwa sabuni ili mapovu ya hewa yasikidanganye, kisha kizamishe kwenye chombo cha maji. Kikielea, ni jamii ya namba 2, 4 au 5, ambazo ni nyepesi kuliko maji. Kikizama, kihamishe kwenye maji yaliyokolezwa chumvi mpaka haiyeyuki tena. Polistirini ngumu itaelea humo. PET na PVC zitabaki chini. (Povu huelea daima kwa sababu ya hewa, hilo halihitaji kipimo.)

Kutenga PET na PVC kunataka jicho. Kunja kipande: PVC angavu huacha mstari mweupe kwenye mkunjo, PET kwa kawaida haiachi. Tazama pia kitako cha chupa: ya PET ina kitone katikati, ya PVC ina mstari ulionyooka wa maungio. Inafaa kujisumbua, kwa sababu PVC kidogo tu ikiingia kwenye mzigo wa PET huungua wakati wa kuyeyusha, hutoa tindikali na kuharibu mzigo mzima. Mnunuzi aliyepata hasara hiyo mara moja huwa harudi.

Hatua ya tatu: gawa mafungu, na hatari iwe na lake

Mafungu matatu yanatosha nyumba nyingi: plastiki ngumu safi za namba 1, 2 na 5, plastiki laini za mifuko na nailoni, na fungu la hatari. Mawili ya mwanzo hayana mengi. La tatu ndilo la kukaa nalo.

Kwanza ni PVC ya kila namna. Pili ni maganda ya vifaa vya umeme: televisheni, kompyuta, chaja, redio. Mengi, hasa ya zamani, yalitiwa vizuia moto vya bromini. Baadhi yake vimo kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali za sumu zinazodumu katika mazingira, vingine vikiongezwa mwaka 2009 na vingine 2017, ila vifaa vilivyotengenezwa kabla bado vinazunguka. Zikichakatwa ovyo, plastiki hizi hugeuka vyombo vingine vyeusi, na vipimo vimewahi kukuta vizuia moto hivyo kwenye vijiko na miko ya jikoni. Mimi mwenyewe nikiona chombo cheusi cha bei ya chini kisicho na alama yoyote, sikitii kwenye mafuta ya moto. Toa betri kwanza kama inatoka bila kulazimisha, kisha kifaa kipeleke kizima kwa wanaopokea taka za umeme. Usikivunje mwenyewe.

Tatu ni vifaa vya tiba: sindano, mirija, mifuko ya dripu. Sindano ikae kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, irudishwe kwenye kituo cha afya. Kamwe isiende kwa wapanga taka, kwa sababu wao hutumia mikono.

Nne ni vyombo vya viuatilifu, yaani dawa za shambani za kuulia wadudu na magugu, na hapa twende taratibu. Chombo hicho husuuzwa mara tatu, papo hapo dawa inapoisha, kabla mabaki hayajakauka. Vaa glavu zisizopitisha dawa na kinga ya macho. Kiache kichuruzike kwenye pampu ya kupulizia kwa nusu dakika. Tia maji hadi robo ya ujazo, funga, tikisa kwa nguvu kwa sekunde 30, halafu mimina maji hayo ndani ya pampu ili yapulizwe shambani kama dawa. Yasimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Rudia mara mbili zaidi, usuuze na kizibo. Mwisho toboa chombo sehemu kadhaa ili asitokee mtu wa kukitilia maji ya kunywa au mafuta. Hata baada ya haya yote, dumu hilo halichanganywi na madumu mengine. Lirudishwe kwa muuzaji au sehemu ya ukusanyaji. Kusuuza kunaondoa dawa iliyo juu ya uso, ile iliyopenya kwenye plastiki inabaki.

Hatua ya nne: osha, kausha, ponda

Mabaki ya chakula huleta panya, na mafuta hufanya plastiki ikataliwe kiwandani. Maji uliyooshea vyombo yanatosha, huna haja ya kutumia maji masafi. Acha vikauke kabisa, kwa sababu mfuko uliofungwa na unyevu huota ukungu. Kisha ponda chupa na urudishe kizibo juu, isipokuwa mnunuzi akitaka vizibo mbali, kwani kizibo ni cha aina nyingine. Chupa zilizobeba mafuta ya injini hazioshwi nyumbani: ziache zichuruzike ndani ya chombo, zifunge, zikae kwenye fungu la hatari.

Hatua ya tano: hifadhi pasipo jua wala moto

Plastiki huwaka kwa kasi na ni ngumu kuzima. Weka mzigo mbali na jiko, jenereta na nyaya, chini ya kivuli, na usiuache ukawa mlima. Vitu vilivyoanza kumeguka vitie kwenye mfuko uliofungwa mara moja, maana kila upepo hubeba sehemu yake.

Kuna wanaoshindilia mifuko safi na mikavu ndani ya chupa mpaka inakuwa ngumu kama tofali. Kama njia ya kuhifadhi ni nzuri, kwa kuwa mifuko haipeperuki na nafasi inapungua. Kama njia ya kujengea ukuta siipendi: jua huichakaza chupa, na moto ukitokea ukuta wote ni kuni. Usishindilie humo PVC wala povu.

Hatua ya sita: jua mzigo unakwenda wapi

Kumkabidhi mtu taka si kuziondoa. Utafiti wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba, kati ya taka zote za plastiki zilizowahi kuzalishwa hadi mwaka 2015, ni asilimia 9 hivi tu zilizochakatwa upya, 12 zikachomwa, na 79 zikabaki dampo au kutapakaa. Muulize mnunuzi anachukua namba zipi na asizozichukua anazifanyaje. Akisema anachukua kila kitu, uliza tena. Kituo kinachopokea nyaya na kutoa shaba nyeusi kinazichoma, hata kama hakisemi.

Wengine huyeyusha wenyewe nyumbani ili kutengeneza vigae au mapambo. Polithini (namba 2 na 4) huyeyuka kati ya nyuzi 105 na 135 kutegemea aina, PP karibu na 165, PET karibu na 255. Ukiwasha moto wa kutosha kuyeyusha PET, kipande cha PVC kilichojificha humo kimeshaanza kuoza kitambo na kutoa tindikali. Kama ni lazima kufanya kazi hiyo, iwe aina moja tu, polithini au PP iliyokwisha pimwa kwa maji, nje, upepo ukitoka nyuma yako, kwa chombo kinachopima joto. Ikianza kutoa moshi, joto limezidi. Chungu hicho hakirudi jikoni.

Pasipo gari la taka

Zipo sehemu ambazo hakuna anayekuja kuchukua chochote. Hapo lengo ni kupunguza kinachobaki. Vya kuuzwa vihifadhiwe hata miezi, vikiwa vimepondwa havichukui nafasi. Fungu la hatari likae kwenye pipa lenye mfuniko hadi safari ya kwenda mjini ipatikane. Kinachosalia, yaani mifuko michafu na vipande visivyo na mnunuzi, kikifukiwa kina nafuu kuliko kuchomwa, ingawa si suluhisho. Chagua ardhi ya juu isiyofurika, yenye udongo wa mfinyanzi, angalau mita 50 kutoka kisima au mto, na kitako cha shimo kiwe mita 1.5 au zaidi juu ya usawa wa maji ya ardhini. Shindilia, funika kwa udongo kila unapotia, na mwisho weka tabaka la nusu mita. Betri, vifaa vya umeme na vyombo vya viuatilifu havifukiwi humo.

Ajali zikitokea

Plastiki iliyoyeyuka ikimwangukia mtu ngozini, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20. Usiibandue: ngozi itatoka nayo. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali plastiki ikiwa imeganda palepale.

Aliyevuta moshi atolewe penye hewa safi. Kichwa kikimuuma, akipata kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa, hiyo yaweza kuwa monoksidi ya kaboni, na ahitaji oksijeni ya hospitali. Anayekohoa baada ya moshi wa PVC aangaliwe hata kama amepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Dawa ya shambani ikimmwagikia mtu, mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, na ubebe lebo ya dumu kwa daktari. Kama ameimeza, asitapishwe.

Majivu ya zamani

Ukiwa na sehemu uliyokuwa ukichomea taka, usiisahau kwa sababu umeacha. Metali nzito hazikuungua, zimebaki humo pamoja na dioksini. Yanyunyizie maji kwanza ili vumbi lisipae, yazoe kwa koleo ukiwa na glavu, ukiondoa na udongo mweusi wa juu, tia kwenye chombo kinachofungika na ukipeleke dampo rasmi kama taka ya hatari. Usiyatie bustanini kama mbolea wala kuyamwaga chooni. Weka uzio ili kuku na watoto wasichezee hapo, tandaza udongo safi, panda nyasi, wala usilishie mifugo nyasi hizo.